Mshale wa Kujirudia

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Mishale, naye hakulikataa kwa sababu lilimkaa vizuri. Mwanamke huyo alichora mishale kila mahali palipochoreka: nyuma ya bahasha, kwenye vumbi la gari la jirani, na siku moja, kikao cha idara kilipochelewa kwisha, kwenye kiganja chake mwenyewe. Vitone, na mishale baina ya vitone. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Mchoro wa namna hiyo wenye fani huuita podo, maana ndani yake ndimo mishale inamokaa. Kwenye kila kitone unaweka nafasi ya namba, na kila mshale unakuwa kanuni ya kuzihamisha namba hizo kutoka kitone kimoja kwenda kingine. Ukishafanya hivyo umepata uwakilishi wa podo, na wapo watu wazima, wenye akili zao timamu na watoto wa kusomesha, ambao hawana kazi nyingine duniani zaidi ya kuuchunguza uwakilishi huo. Ukimuuliza Bi Mishale uchunguzi huo una faida gani, atakutazama kama mtu aliyeulizwa faida ya kupumua.

Shemeji yake alikuwa mtu wa vioo, na jina lake la utani likawa Kioo. Simamisha vioo viwili kwa pembe, ukae katikati yake, utajiona zaidi ya mmoja. Pembe ikiwa sawasawa, sura zinajipanga na kurudi zilikoanzia. Pembe ikienda kombo, zinamiminika bila mwisho. Kioo alichunguza makundi ya uakisi, yaani ile mifuatano ya vioo: ukipita kioo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha kwanza tena, unaishia na sura gani. Alikuwa mrefu, mpole wa kauli, na alikuwa na tabia ya kupuliza chaki kabla ya kuandika. Bi Mishale ndiye aliyempeleka nyumbani kwao mara ya kwanza, wamalizie hesabu mezani. Mdogo wake akaleta chai, na hesabu haikuisha siku hiyo. Mwaka haukupita, Kioo akawa shemeji.

Kilichowaweka pamoja kazini ni jambo ambalo asiyelijua anaweza kudhani ni mazingaombwe: vioo na mishale ni mambo ya ukoo mmoja. Ukikiakisi kitone kwenye podo, mishale yote inayokigusa inabadili mwelekeo, iliyokuwa ikiingia inatoka. Tena kila mfuatano wa vioo una kipande chake ndani ya aljebra ya podo, yaani hesabu ya kuunganisha mishale yake, na mifuatano miwili ikikufikisha kwenye sura moja, inakupa kipande kile kile. Kwa michoro ya kawaida, ambayo viungo vyote baina ya vitone vyake vina uzito sawa, hilo lilishajulikana. Bi Mishale alilitaka kwa michoro yenye kiungo kizito, ambako upande mmoja unauvuta mwenzake mara mbili, na huko watu walikuwa wameshapotea wengi.

Njia aliipata nyumbani kwa mdogo wake. Mdogo wake ni fundi cherehani, na fundi akitaka kukata mikono ya gauni hukunja kitambaa, akaipata yote miwili kwa mkasi mmoja. Bi Mishale alikuwa amekaa pale anakunywa maji, akaacha kunywa. Basi na mimi nitakunja, akasema. Nitachukua vitone vitano vilivyo kwenye mstari, niukunje mstari katikati, vya huku vilaliane na vya kule, vibaki vitatu, na pale kwenye mkunjo kiungo kitakuwa kizito chenyewe. Mdogo wake alimwambia anywe maji yake.

Sasa, desturi yao ya kila Jumatano mchana, kwenye chumba kidogo chenye ubao. Mmoja akiwa ubaoni, mwingine ni mbishi. Mbishi hakubali kitu. Kazi yake ni kuuliza kwa nini, kutikisa kila mstari, kutafuta mfano wa kuubomoa uthibitisho wa mwenzake, na hana ruhusa ya kuwa mpole. Akishashindwa kabisa husema maneno mawili tu, "Sina neno," na hapo mwenye ubao ndipo anaruhusiwa kufuta. Walianza hivyo tangu wakiwa wanafunzi, kwa utani, baadaye ikawa ndiyo sheria. Bi Mishale hakumwamini mhakiki wa jarida lolote, lakini "sina neno" ya Kioo aliilalia usingizi mzito.

Kwenye rasimu ya kwanza ya kazi ya kukunja, Bi Mishale aliweka mshale wa ziada kwenye vitone fulani. Ulikuwa unatoka kwenye kitone na kuzunguka ukarudi kwenye kitone hicho hicho. Hakuwa na sababu ya kueleweka, mkono tu ulimtuma. Kioo akamkalia kooni.

"Huu mshale wa kujirudia unafanya kazi gani, shemeji?"

"Sijui bado. Nahisi kuna kitu unakishikilia."

"Hisia si hoja. Unachafua picha. Utoe tuone nini kitaanguka."

Akautoa. Hakuna kilichoanguka, angalau pale ubaoni, na picha ikawa nzuri kama kitambaa kilichopigwa pasi. Bi Mishale alimshukuru. Ndiyo maana ya kuwa na mbishi, alimwambia, bila wewe ningebeba mzigo usio na maana.

Idara ilikuwa imetangaza nafasi moja ya kudumu ya aljebra. Moja tu. Bi Mishale alikuwa amefundisha pale miaka mingi kwa mikataba ya muda, kila ukiisha anaomba upya kama kibarua anayesubiri getini, na alijua kabisa kwamba nafasi hiyo ikimpita, nyingine itatangazwa yeye ameshastaafu. Mwombaji alitakiwa kutoa mhadhara mbele ya kamati juu ya jambo jipya alilolithibitisha. Jambo jipya alikuwa nalo.

"Hiyo ni yako," Kioo alimwambia walipokuwa wakisubiri birika lichemke kwenye chumba cha chai. "Mimi siombi. Watu wa nyumba moja tugombee kiti kimoja, si tutachekwa?"

"Una hakika? Maana na wewe mkataba wako ni wa kuungaunga."

"Shemeji, kunywa chai."

Wiki ya mwisho kabla ya mhadhara, Bi Mishale alimwandikia Kioo ubaoni uthibitisho mzima, kuanzia juu kushoto mpaka chini kulia. Kioo alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, kile chenye mguu mmoja mfupi, lakini safari hii hakukiyumbisha. Mara mbili alifungua mdomo akaufunga. Mwishoni alitazama dirishani, akasema, "Sina neno." Bi Mishale alidhani amechoka, maana mtoto wake mdogo alikuwa na homa. Alifuta ubao huku akiimba.

Jioni hiyo alikwenda kupimwa suti. Mdogo wake alikuwa amemshonea suti ya kijivu ya kuvalia siku ya mhadhara, na hakutaka malipo. Alikuwa amepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni, akauliza bila kuinua uso:

"Dada, lazima ukazungumzie hilo hilo la kukunja? Huna jingine?"

"Jingine la nini? Hilo ndilo lenyewe."

"Nauliza tu."

"Wewe shona. Lini ulianza kunichagulia hesabu?"

Mdogo wake alichomeka pini nyingine.

Siku ya mhadhara ukumbi mdogo ulijaa. Wajumbe wa kamati walikaa mbele, na katikati yao profesa mgeni, mwanamke mzee mwenye miwani ya kamba, aliyeletwa kutoka mbali kwa sababu mambo ya uwakilishi anayajua kama njia ya kwenda kwake. Kioo alikaa safu ya pili. Bi Mishale aliongea vizuri. Alichora, alikunja, alionyesha vipande vinavyopatana, na watu waliokuwa hawajui lolote walikubali kwa vichwa kana kwamba wameelewa, jambo ambalo kwenye hisabati ni heshima kubwa. Alipomaliza, profesa mgeni aliinua kalamu.

"Una uhakika mkunjo haupotezi kitu? Vikilaliana, hakuna kinachobanwa chini?"

"Nina uhakika," alisema Bi Mishale. "Nimethibitisha, na mwenzangu pale amehakiki kila mstari."

Akamwonyesha Kioo kwa mkono. Alifanya hivyo kwa fahari. Watu wote wakageuka kumtazama, naye Kioo akasimama, akakohoa, akasema, "Naomba chaki."

Alikwenda ubaoni, akapuliza chaki, akachora vitone vitatu. Kiungo kizito akakiweka mwisho. Akaandika mfuatano mmoja wa vioo, chini yake mwingine. Akaonyesha kwamba yote miwili inafika kwenye sura moja. Kisha akakokotoa kipande cha huu na kipande cha ule, na kimoja kikatoka kikubwa kuliko kingine. Mkono wake haukusimama hata mara moja. Alipomaliza aliweka chaki kwenye ukingo wa ubao na kusema kwa sauti ya huzuni, "Inaelekea kauli hii si kweli." Profesa mgeni alivua miwani, akaisogelea hesabu, akairudia kwa midomo, akakubali kwa kichwa.

Bi Mishale naye aliirudia. Ilikuwa sahihi. Kijasho chembamba kilimtoka chini ya suti mpya, lakini si kwa sababu kauli yake ilikuwa imekufa. Kauli hufa, na mtu wa hesabu huzika nyingi maishani mwake. Kilichomtoa jasho ni namna mfano ule ulivyokuwa msafi.

Asiye wa kazi hii hawezi kulijua hili, kwa hiyo na aelezwe. Mfano wa kubomoa hauji ukiwa mdogo. Wa kwanza kupatikana huwa ni dubwana, una vitone chungu nzima na namba za kutia kichefuchefu, na anayeuona wa kwanza hadhani hata ni kweli. Ndipo unaanza kuupunguza. Unatoa kitone hiki, bado unasimama. Unatoa kile, unakufa, unakirudisha. Unafanya hivyo siku baada ya siku mpaka ubaki na kitu kidogo ambacho hakipunguziki tena, na hapo ndipo mtu mwingine akikiona anadhani kilikuja chenyewe. Mfano wa Kioo ulikuwa umeshachongwa mpaka mwisho. Hata vitone alikuwa amevipanga kwa utaratibu ule ambao namba zake zinatoka nzuri, na utaratibu huo haupatikani na mtu aliyesimama ukumbini anafikiri.

Mkuu wa idara, mwanamume asiyependa ukimya, alisimama kuokoa mambo. "Basi tunamshukuru Bi Mishale. Tukutane hapa kesho asubuhi, tumsikilize mwombaji wetu wa pili." Kisha akamgeukia Kioo na kutabasamu.

Bi Mishale alimkuta Kioo kwenye ujia, karibu na mashine ya kurudufia, anajifanya anasoma matangazo.

"Umeupata lini?"

"Umenijia pale pale, shemeji, mgeni alipouliza. Hata mimi nimeshtuka."

"Umekujia pale pale."

"Kweli tena."

Bi Mishale alikubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayejadili kazi. "Na ule wa kwanza ulikuwa na vitone vingapi?"

"Kumi na moja," alisema Kioo, kisha akafumba mdomo.

Mashine ilitoa karatasi ya mtu fulani, ikanyamaza.

"Kumi na moja," alirudia. "Kwa hiyo Jumatano ile umekaa kwenye kile kiti na mfano mfukoni, ukaniambia huna neno."

"Ningekwambia ungebadili mada. Ungepata nafasi kwa jambo jingine dogo dogo. Mimi nina watoto." Alikuwa ameanza kuongea haraka. "Halafu hesabu haina shemeji. Kauli ilikuwa ya uongo, sikuitunga mimi."

"Sijakulaumu kwa kauli. Kauli ni yangu, na kosa ni langu. Nakuuliza habari ya 'sina neno'."

Kioo alitazama matangazo. Bi Mishale alimwacha pale.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, na suti ile ile mwilini. Cherehani ilikuwa inanguruma. Mdogo wake alipomwona mlangoni aliondoa mguu kwenye pedali, na sura yake ikasema kila kitu kabla mdomo haujafunguka.

"Ulijua," alisema Bi Mishale.

"Sikujua ni nini. Mimi mambo yenu siyaelewi, dada."

"Ulijua."

"Nilijua ana kitu. Alikuwa akiamka asubuhi ananuna, ghafla siku moja akawa na furaha, akaniambia kuna kosa kwenye kazi yako na amelipata. Nikamwambia basi mwambie dada. Akasema nikitia mdomo wangu nitamharibia maisha." Alianza kulia, lakini kwa hasira, kama mtu anayelia kwa sababu amefumwa. "Nilikuuliza. Si nilikuuliza kama huna jingine?"

"Ulikuwa umepiga magoti unanishonea nguo ya kwenda kuumbuka nayo."

"Ni mume wangu."

"Na mimi ni nani?"

Bi Mishale alivua koti la suti, akalikunja, akaliweka juu ya meza ya kukatia. Alirudi kwake na blauzi, njiani akijiuliza ni lipi lililouma zaidi, akaona hawezi kuchagua. Alikuwa na watu wawili duniani ambao kauli yao hakuwahi kuipima. Wote wawili walikuwa wamemzunguka, tena wakiwa wamekaa meza moja, wakipitishiana chumvi.

Nafasi alipewa Kioo. Mkuu wa idara alimwita Bi Mishale ofisini kumpa pole, akaongea sana juu ya mkataba mpya wa muda, ambao ulikuwa sawa na ule wa zamani ila umepigwa chapa upya. Mama yao alipiga simu. "Mwanangu, yaishe. Mambo ya mishale yasivunje nyumba." Mama yao ni mtu mzuri, lakini ana ugonjwa wa kuwaomba walioumizwa ndio watulie, kwa sababu waliowaumiza huwa wametulia tayari. Bi Mishale alimwambia, "Yameisha, mama," na kweli hakugombana na mtu. Alifundisha vipindi vyake, alisahihisha mitihani, na Jumatano mchana alipita mbele ya kile chumba chenye ubao bila kugeuza shingo. Usiku hakulala vizuri. Kila alipothibitisha kitu kipya alikifuta yeye mwenyewe, akakiandika tena, akakifuta, maana hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kimesimama.

Kisha Kioo akabisha hodi mlangoni kwake.

Alikuwa amekonda. Mwenye nafasi mpya hutakiwa kutoa mhadhara wa kuingia, mbele ya chuo kizima na wageni, na profesa mgeni alikuwa anarudi kuusikiliza. Kioo alikuwa ameirekebisha kauli ya kukunja, sasa anadai ni kweli kwa michoro yote yenye viungo vizito. Alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyekuja kukopa.

"Nahitaji mbishi," alisema.

Mwingine angemfukuza. Bi Mishale naye alitaka kumfukuza, na alikuwa ameshapata maneno ya kumfukuzia, mazuri kabisa. Lakini kauli ile ilikuwa imezaliwa mkononi mwake, na hamu ya kujua kama imepona ilimshinda. Alichukua funguo, wakaenda kwenye kile chumba.

Alikaa kwenye kiti chenye mguu mfupi, akambishia mchana mzima. Hakumhurumia wala hakumwonea. Alitikisa mstari hadi mstari, alimrudisha mwanzo, alimtaka ajaribu ule mfano wa vitone vitatu, kisha alidai amwone yule dubwana wa vitone kumi na moja, Kioo akamchora, masikio yakimwiva. Yote yalisimama. Na yalisimama kwa sababu moja. Kwenye kila kitone kizito, yaani kile cha upande mzito wa kiungo, Kioo alikuwa ameweka mshale unaotoka hapo na kuzunguka ukarudi hapo hapo.

"Huu unafanya kazi gani?" aliuliza Bi Mishale.

Kioo hakugeuka. "Unashikilia uzito. Mkunjo ukibana kitu chini, huu ndio unaokibeba."

"Si ulikuwa unachafua picha?"

"Wakati ule nilidhani hivyo kweli, shemeji. Naapa. Wakati ule nilikuwa sijaona kitu."

Huenda alisema kweli. Bi Mishale alitafuta moyoni mwake kama anamwamini, akakuta mahali pa kuamini pamekuwa patupu, hapasemi ndiyo wala hapana. Alipitia ubao kwa mara ya mwisho, kuanzia juu kushoto mpaka chini kulia. Ilikuwa kazi safi. Ilikuwa ile ile aliyoiona yeye kwa mkono kabla hajaiona kwa akili, imesimama sasa kwa miguu yake, na jina lake halimo.

"Sina neno," alisema.

Kioo alichukua kifutio. Akakishika. Hakufuta.

"Kweli?"

"Kweli."

"Maana kama kuna kitu, niambie sasa. Nitaelewa. Nitakuwa nimestahili, lakini niambie."

"Hakuna kitu. Futa."

Kioo alisimama pale na kifutio, akiutazama uso wa Bi Mishale kwa namna ambayo hakuwahi kuutazama, akitafuta ndani yake mtu anayemjua vizuri, yaani yeye mwenyewe siku ile ya dirishani. Bi Mishale aliondoka akamwacha bado hajafuta.

Kesho yake Kioo alirudi. Mstari wa saba, alisema, umeuangalia vizuri? Bi Mishale aliuangalia, akamwambia uko sawa. Kioo alirudi tena na swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angelijibu. Halafu mdogo wake akapiga simu, mara ya kwanza tangu siku ya koti. "Dada, hivi kweli huna neno? Halali vizuri huyu. Anaongea usingizini, anasema umekiona na umekificha. Kama umekiona mwambie tu, yaishe."

"Sijaona kitu. Kazi yake ni sahihi."

"Ndivyo alivyosema utasema," alijibu mdogo wake.

Siku ya mhadhara wa kuingia ukumbi mkubwa ulifunguliwa. Mkuu wa idara alisifu mpaka akaishiwa. Profesa mgeni alikaa mbele na miwani yake ya kamba. Mdogo wa Bi Mishale alikuwa safu ya tatu, amevaa vizuri, mikono imekumbatia mkoba. Bi Mishale alikaa pembeni mwa safu ya kwanza, kwa kuwa Kioo mwenyewe alimwomba akae pale.

Kioo alianza vizuri. Alichora vioo vyake, akaeleza sura, watu wakatabasamu. Akaingia kwenye podo. Akakunja. Lakini kila alipomaliza mstari jicho lilimkimbilia safu ya kwanza, likarudi ubaoni, na sauti yake ikazidi kushuka. Alipofika kwenye kitone kizito aliinua chaki, akaipuliza, akachora mshale wa kujirudia. Hapo akasimama.

Ukumbi ulingoja. Mtu alikohoa. Kioo aligeuka, mbele ya watu wote, akauliza kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti kiliifikisha hadi nyuma:

"Shemeji. Hapa pako sawa?"

Bi Mishale alikuwa amewahi kuiota saa hii. Usiku fulani alijiona akicheka. Usiku mwingine alijiona akinyamaza tu, amwache azame. Sasa imefika, alichotaka kwa moyo wake wote ni kumwambia ukweli na ukweli huo ushikike, kama zamani, aendelee, amalize, kwa sababu kilichokuwa ubaoni kilikuwa kizuri na kilistahili kumalizwa.

"Pako sawa," alisema. "Endelea."

Kioo alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, na Bi Mishale akaona jibu lake linamfikia, linapimwa, linatupwa. Kisha shemeji yake akarudi mwanzo wa ubao, juu kushoto, akaanza kuukagua mstari wa kwanza, kidole kikisimama juu ya kila alama. Profesa mgeni alivua miwani. Safu ya tatu, mdogo wake alikuwa amemkodolea macho dada yake, akisubiri aseme kosa liko wapi.